Mgongo wa mnara: mwongozo wa kujenga linki ya maikrowevu na kufunga rilei zinazotembea

Simu inaonyesha mistari yote minne, lakini picha ya WhatsApp inazunguka tu, haifunguki. Watu hulaumu bando, hulaumu simu, huzima na kuwasha. Mara nyingi kosa liko mahali ambapo mteja hapaoni: mgongoni mwa mnara. Mnara wa simu una pande mbili. Uso unatazama simu zetu. Mgongo unatazama mtandao mkuu, na ndio unaobeba kila kilichopokelewa na uso. Uso ukiwa mpana na mgongo mwembamba, mistari minne haimsaidii mtu.

Mjini mgongo huo ni mkongo uliofukiwa ardhini. Kufukia mkongo kilomita 30 kwenye mikoko au mawe kwa ajili ya kijiji kimoja ni gharama isiyorudi, kwa hiyo kazi hiyo hupewa madishi mawili yanayotazamana, yaani linki ya maikrowevu. Nitaanza na linki hiyo iliyosimama, kisha nitafika kwenye jambo ambalo mafundi wengi wananiuliza siku hizi: mnara uliopanda basi, treni au boti, yaani rilei inayotembea. Ukiielewa ya kwanza, ya pili haitakutisha. Kwa hesabu nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo: linki ya kilomita 30, masafa ya GHz 7.5.

Hatua ya kwanza: jua mzigo

Usinunue redio (kifaa kinachorusha na kupokea wimbi kupitia dishi) kabla hujajua itabeba nini. Mnara wa kijijini huwa na sekta tatu, yaani antena zinazotazama pande tatu. Sekta moja ya 4G yenye upana wa MHz 20 na antena mbili inaweza kufika Mbps 150 pale mtu mmoja tu anapopakua akiwa karibu na mnara. Saa za jioni, watu wakiwa wengi na wametawanyika, sekta hiyohiyo hutoa wastani mdogo zaidi. Chukua Mbps 35. Sekta tatu hazifiki kileleni kwa pamoja, kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni kilele cha sekta moja jumlisha wastani wa mbili zilizobaki: 150 + 35 + 35 = 220. Ongeza asilimia 15 hadi 20 ya vifungashio vya data, unapata karibu Mbps 260.

Redio yenye upana wa MHz 28 kwa 256QAM, namna ya haraka ya kupakia data kwenye wimbi, hutoa takriban Mbps 180. Haitoshi. MHz 56 hutoa takriban mara mbili ya hapo, na hiyo ndiyo utakayoombea kibali. Kama mnara wako ni wa kati, yaani kuna minara mingine nyuma yake inayopitia kwako, jumlisha na mzigo wa hiyo. Hapa ndipo miradi mingi huharibika: kila mnara umehesabiwa peke yake, halafu minne inamiminwa kwenye linki moja ya mwisho.

Hatua ya pili: chagua masafa, omba kibali mapema

Masafa ya chini huenda mbali na huvumilia mvua. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini mvua huyameza. GHz 6 hadi 8 ni za umbali wa kilomita 25 na kuendelea. GHz 13 na 15 zinafaa kilomita 10 hadi 20, na GHz 18 hadi 23 chini ya hapo. Kuna pia GHz 71 hadi 86, zinazoweza kupitisha Mbps 10,000, lakini kwa mvua zetu za masika usizivushe kilomita mbili au tatu. Ukiwa na hiari, chagua polarizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) ya wima, kwa sababu matone yanapoanguka hubonyea na kuwa mapana kwa ulalo, hivyo hula zaidi wimbi la mlalo.

Kibali cha masafa hutoka kwa mdhibiti: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Peleka maombi siku ileile unayomaliza kupima njia. Linki isiyo na kibali humuumiza jirani yako, na siku jirani akilalamika, wewe ndiye utakayezima.

Hatua ya tatu: tembea njia yenyewe

Hapa ndipo ninapoomba subira yako. Kompyuta itakuchorea mlima na bonde kutoka kwenye ramani za setilaiti, lakini haitakuambia kwamba katikati ya njia kuna shamba la minazi, au kwamba mwenye kiwanja ameshamwaga zege la ghorofa ya tatu. Panda gari, fika katikati, tazama pande zote mbili.

Mnara kuona mnara hakutoshi. Wimbi halisafiri kama uzi. Linanenepa katikati ya safari kama sigara, na unene huo unaitwa ukanda wa Fresnel. Nusu kipenyo chake katikati ya njia, kwa mita, ni 8.66 mara kipeo cha pili cha umbali (km) uliogawanywa kwa masafa (GHz). Kwa mfano wetu: 30 ÷ 7.5 = 4, kipeo chake ni 2, jibu ni mita 17.3. Asilimia 60 ya hiyo, yaani mita 10.4, lazima iwe wazi kabisa.

Dunia nayo imevimba. Katikati ya kilomita 30, uvimbe wake ni 15 × 15 ÷ 17, yaani mita 13.2 (hiyo 17 tayari imezingatia jinsi hewa inavyokunja wimbi kidogo kuelekea chini). Sasa jumlisha: uvimbe 13.2, ukanda 10.4, mnazi wa mita 25, na mita 5 za ukuaji wa miti. Unapata 53.6. Kwenye ardhi tambarare, madishi yote mawili yanapaswa kukaa karibu mita 54 juu. Mnara wa mita 45 hautoshi, hata kama fundi amesimama kileleni akauona mwenzake kwa darubini.

Bado kuonana kwa macho kuna thamani yake, na njia ninayoiamini ni ya kioo. Asubuhi isiyo na ukungu, mwenzako anapanda mnara wa pili na kioo cha kujitazamia, kile cha kawaida cha dukani. Anakielekeza jua kisha anakichezesha taratibu kuja upande wako. Wewe uko juu, umejifunga mkanda, unatazama mstari wa upeo ambako hakuna kitu ila kijani na bluu, halafu ghafla panawaka nukta nyeupe kama nyota ya mchana. Kwa simu unamwambia: hapohapo, rudia. Piga picha ukiwa umeshika dira, andika digrii. Nukta hiyo itakuokoa siku ya kulenga dishi. Kama mnara wa pili haujajengwa, droni yenye kibali ipande mpaka urefu wa dishi lijalo.

Hatua ya nne: hesabu ya mawimbi

Upotevu wa angani, kwa desibeli (kipimo cha kukua au kupungua kwa wimbi), ni 92.45 jumlisha mara 20 ya logi ya umbali, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa. Kwetu: 92.45 + 29.5 + 17.5, karibu 139.5. Dishi la mita 1.2 kwa GHz 7.5 hukuza kwa desibeli 36.9 hivi. Redio ikirusha 27 dBm (kipimo cha nguvu ya wimbi; kadiri namba inavyozama chini ya sifuri, wimbi ni dhaifu zaidi), na viungio vikila desibeli 2, utapokea 27 + 36.9 + 36.9 − 139.5 − 2 = −40.7 dBm.

Fungua karatasi ya mtengenezaji uangalie redio inaishia wapi. Tuseme kwa 256QAM kikomo ni −63, na kwa QPSK, namna ya polepole lakini ngumu kufa, ni −84. Akiba yako ni desibeli 22 kwa kasi kamili na 43 kabla ya kukatika kabisa. Akiba hii ndiyo chakula cha masika. Mvua kubwa ikija, redio nzuri hujishusha yenyewe kutoka 256QAM kwenda chini, kasi inapungua lakini simu hazikatiki. Hakikisha kipengele hicho kimewashwa, na kwamba sauti na mawasiliano ya udhibiti yamepewa foleni ya mbele, ili vikibaki Mbps 60 tu, mtu anayepiga simu hospitali apite kabla ya video.

Ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.99, umeahidi kutokatika zaidi ya dakika 53 kwa mwaka mzima. Asilimia 99.9 inaruhusu karibu saa tisa. Mkataba useme ni ipi, na kwa kasi ipi.

Njia ikipita juu ya maji

Bahari ni kioo. Wimbi moja linafika moja kwa moja, la pili linagonga maji na kuja likiwa limechelewa kidogo, na yakikutana kinyume yanafutana. Pwani yetu ina shida ya ziada: maji yanapanda na kushuka. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Zanzibar hukaribia mita 4, kwa hiyo kioo chenyewe hakitulii. Linki inakuwa safi saa nne asubuhi, saa kumi jioni imeanguka, na fundi anabadilisha redio isiyo na kosa.

Tiba ya kwanza haina gharama: usiweke madishi yote juu. Weka moja juu sana na jingine chini, ili mahali pa kugonga pasogee kuelekea upande wa chini, ambako mikoko au kilima kidogo cha nchi kavu kitaziba lile wimbi la pili. Isipowezekana, funga madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu ya jingine kwa mita kadhaa hadi kumi na zaidi. Wimbi likifutika kwenye moja, kwa kawaida liko hai kwenye jingine. Kuongeza nguvu ya kurusha hakusaidii hapa, maana lile wimbi baya nalo linaongezeka.

Hatua ya tano: kulenga dishi

Dishi la mita 1.2 kwa masafa haya lina mwale wa upana wa digrii 2.3 tu. Pembeni mwa mwale huo kuna miale midogo, dhaifu kwa desibeli 20 hivi. Ukikamata mmojawapo, redio itawaka kijani na kila mtu atapiga makofi.

Lilinikuta mwanzoni mwa kazi. Hesabu ilisema −41, mita ikasoma −61, giza limeingia, msimamizi akasema inatosha, tushuke. Ilikuwa Januari, kiangazi. Masika yalipoanza, kila mvua ya alasiri kijiji kilikatika, na zahanati ya pale ilikuwa inatuma taarifa zake kwa mtandao huohuo. Tulirudi, tukazungusha dishi chini ya digrii nne, desibeli zote ishirini zikarudi. Tangu siku hiyo sishuki mnarani kipimo kikiwa na tofauti ya zaidi ya desibeli 3 na hesabu.

Fanya hivi. Chomeka multimita kwenye tundu la kipimo lililoko kwenye redio ya juu. Volti zake zinafuata nguvu ya wimbi, na jedwali la tafsiri liko kwenye kijitabu cha redio. Upande mmoja utulie kabisa wakati mwingine unalenga. Legeza bolti za mlalo, zungusha dishi polepole kutoka kushoto mpaka kulia kwa upana wote, digrii kumi au zaidi, ukiandika volti kila robo mzunguko wa nati. Lazima uone vilima vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Rudi kwenye kikubwa. Fanya vivyo hivyo kwa wima. Halafu mwenzako alenge la kwake, kisha wewe urudie tena. Wakati wa kukaza, kaza bolti kwa zamu, kidogokidogo, macho kwenye multimita, kwa sababu bolti ya mwisho hupenda kuvuta dishi.

Ukimaliza, funga konekta kwa utepe wa mpira na juu yake utepe wa plastiki, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Acha kebo itengeneze tumbo kabla ya kuingia kibandani, maji yadondoke hapo. Tia ethi juu, chini na mlangoni. Kisha jaribio la saa 24 bila kugusa kitu. Linki isiwe na kosa hata moja siku ya hali nzuri ya hewa. Kama mnara ni wa 5G inayotumia masafa mamoja kwa zamu, mara kurusha mara kupokea, saa yake isipishane na saa kuu ya rejea kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5, kwa hiyo redio iwe inapitisha muda kwa usahihi au mnara uwe na kipokezi cha setilaiti.

Mnara unapotembea

Rilei ni kama mbio za kupokezana vijiti. Haipazi sauti tu kama zile busta zinazouzwa madukani, ambazo hukuza wimbi pamoja na kelele zake na kuwasumbua wengine. Rilei hupokea data, huifungua, huisafisha, kisha huikabidhi upya. Shirika la viwango la 3GPP liliiweka kwenye 4G katika Toleo la 10 mwaka 2011. Mwaka 2020, Toleo la 16 likaleta IAB, yaani rilei ya 5G: nodi yenye nusu mbili, moja ikijifanya simu mbele ya mnara mzazi, nyingine ikijifanya mnara mbele ya wateja. Toleo la 18, lililokamilika 2024, limeruhusu nodi hiyo ifungwe kwenye chombo kinachosafiri, kwa sharti kwamba ihudumie simu tu, isizae nodi nyingine chini yake.

Kenya imewahi kuona minara inayoelea. Mwaka 2020 Loon na Telkom Kenya waliwasha huduma ya 4G kwa maputo 35 hivi yaliyopaa kilomita 20 juu ya magharibi na katikati ya nchi, yakirushiana data puto kwa puto mpaka kituo cha ardhini. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga mradi kwa sababu za kibiashara. Kiufundi waliyathibitisha mengi.

Kwa nini ujisumbue na rilei ndani ya treni? Bodi ya chuma na vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia joto hula desibeli 20 au zaidi, yaani inabaki sehemu moja ya mia. Pia treni ya abiria mia kadhaa inapohama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, simu zote zinaomba kuhamishwa kwa sekunde zilezile. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, kama ule wa reli mpya ya umeme ya Tanzania iliyoanza kubeba abiria 2024, minara iliyopishana kilomita 3 inakupa chini ya sekunde 70 kila mmoja. Rilei ikiwepo, kinachohama ni nodi moja. Simu za abiria hazina habari.

Amua kwanza unafunga nini. Mwenye basi au boti anaweza kufunga ruta yenye laini mbili au tatu za mitandao tofauti, antena juu ya paa, na Wi-Fi ndani. Hiyo ni halali na ndiyo ninayoishauri kwa wengi. Nodi inayorusha masafa ya simu yenyewe ni ya kampuni yenye leseni ya masafa hayo, si ya mwenye chombo.

Kisha pita njia, kama tulivyofanya kwenye linki. Weka modemu yenye antena juu ya paa, si ndani, ikiandika kila sekunde mahali, mnara na nguvu ya wimbi kwa kila laini. Penye −95 dBm kwenda juu pana raha. Chini ya −110 jiandae kwa mapengo. Chora kwenye ramani. Mara nyingi utakuta mtandao mmoja unakufa palepale mwingine unapoamka, na hapo ndipo laini mbili zinapolipa.

Antena ya nje ikae katikati ya paa la chuma, mbali na kiyoyozi na keria ya mizigo. Ruta iwe karibu nayo: kebo nyembamba hula zaidi ya nusu desibeli kila mita kwenye GHz 1.8, na mita kumi zitameza ulichokwenda kukitafuta juu. Kama nodi inatumia masafa mamoja nje na ndani, chuma cha paa ndicho ukuta wako. Usipitishe antena ya ndani karibu na dirisha. Nguvu ya ndani iwe ndogo, inayotosha kiti cha mwisho tu, la sivyo simu za watu walioko kituoni zitaikamata basi likipita na kubaki zinahangaika likiondoka. Namba ya utambulisho ya seli nayo isigongane na ya minara ya njiani: 4G ina namba 504, 5G ina 1,008, na chombo kinachotembea lazima kiwekewe zake.

Umeme wa basi ni volti 24 unaoyumba vibaya dereva anapopiga stata. Weka kibadilishi kinachovumilia hilo, na fyuzi yake peke yake.

Baharini kuna mtego nisiotaka ukunase. Antena iliyo mita 10 juu ya maji na mnara wa mita 60 vinaonana mpaka karibu kilomita 45. Lakini kuonana si kuingia. Simu ya 2G ya kawaida hukataliwa ikizidi kilomita 35 kwa sababu ya muda wa wimbi kusafiri. 4G inaweza kufika kilomita 100, ila mnara ukiwa umepangwa kwa salamu fupi ya kuingilia, ile inayotumika mjini, mwisho wake ni kama kilomita 14. Boti inaona wimbi zuri, inabisha hodi, haifunguliwi. Ukikuta nguvu nzuri na hakuna data ukiwa mbali na pwani, usibadilishe antena. Waandikie wahandisi wa mtandao, uwape jina la seli na umbali, waombe wabadilishe mpangilio huo kwenye sekta inayotazama bahari. Ni badiliko la programu tu, na huduma ikirudi itawafaa wavuvi wote wa upande ule.

Mwisho, safiri nayo safari tatu: chombo kitupu, chombo kimejaa, na usiku. Andika vipimo vya kila safari kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha ruta, pamoja na tarehe na pembe ya antena. Atakayefungua kisanduku hicho miaka miwili ijayo huenda asiwe wewe.